Siku Nilipomuoa

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na watoto, na zikukute ukiwa na afya na bado una ulimi wako wa kunitania. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linalia kama mlango wa friji kuukuu, na kwa kuwa fundi wa friji ni wewe mwenyewe, sikuona vibaya kukucheka. Nimesikia pia umepata chumba kikubwa zaidi cha kufanyia kazi, chenye dirisha. Hongera sana. Mtu aliyekaa miaka mingi akichungulia nyuma ya mafriji ya watu anastahili dirisha.

Mimi mwili ni mzima. Koo nalo zima, na redioni bado wananitumia kuuza ile sabuni ya unga, ndiyo maana hata muuza magazeti wa hapa mtaani haniiti kwa jina langu, ananiita Bwana Povu. Wewe ukaongeza kwamba jina hilo lilinifaa hata kabla ya sabuni, kwa jinsi ninavyotoa povu nikikasirika. Nilinuna siku ile. Leo nakubali nusu.

Habari za dada yako sikuulizi kwa sababu yuko kwako. Najua yuko kwako, na wewe unajua kwamba najua, na juzi uliponiambia kwenye simu kwamba hapo hamna mgeni yeyote, nilimsikia nyuma yako akimkemea mtoto kwamba saba mara nane haijawahi kuwa hamsini na nne. Usione haya. Kaka asiyemficha dada yake si kaka. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu, na sauti yangu, nimeambiwa hivi karibuni, ina tabia ya kujisikiliza. Dada yako aliniachia swali moja alipoondoka, akasema atarudi siku nitakayokuwa na jibu, si kabla. Jibu limo humu. Lakini siwezi kulitoa bila kukueleza mambo yalivyoanza, kwa hiyo vumilia, kisha tafadhali msomee barua hii kwa sauti, maana yeye akiona mwandiko wangu ataitumia kufungia karanga. Ukifika mahali ninapomsema vibaya, usiruke.

Unakikumbuka kile kitabu changu, Mlinzi wa Ghala Tupu? Kile ulichokitumia kuzuia mlango siku ya harusi yetu, ukasema hatimaye kimepata kazi inayolingana na uzito wake. Kwa kuwa hukuwahi kukifungua, nakueleza tena. Ni habari za mlinzi anayelinda ghala lisilo na kitu. Kila jioni mwenzi wake humletea chakula getini, humpa, kisha huondoka bila kusema neno. Kila mwaka mkaguzi huja kuhakikisha kwamba hakuna kilichopungua. Basi. Kurasa karibu mia nane, na katikati yake Mlinzi anajiuliza: kama hakuna cha kuibwa, ninalinda nini, na kama silindi kitu, mimi ni nani? Wewe ulisema mtu wa namna hiyo anahitaji likizo. Mimi nilisema mtu wa namna hiyo ni mimi.

Usicheke. Mtu anayeshinda studio akiwaambia watu kwamba weupe wa mashuka yao utawashangaza majirani, akitoka hapo anahitaji mahali pa kuiweka akili yake. Mimi niliiweka kwenye kitabu kile. Nilikisoma nikiwa kijana, nikamsomea dada yako kwenye benchi la stesheni ya treni wakati wa uchumba wetu, na nimekirudia kila mwaka tangu hapo. Kwa hiyo mwongozaji wa filamu alipokuja mwaka jana, akasema warithi wa mwandishi wamempa ruhusa na anatafuta mtu wa kukipunguza kitabu kiwe skripti, watu wote walimwelekeza kwangu. Nilijiona kama mtu aliyengojea posta miaka ishirini na leo kifurushi kimefika.

Mwongozaji huyo ni mwembamba, mpole, muda wote ana njiti ya kiberiti mdomoni, na nimemchukia kwa hatua. Kwanza nilimchukia kwa sababu ya neno "aliwaza". Kitabu kizima Mlinzi anawaza, na yeye kila alipokuta "aliwaza" alipiga mstari. Alisema mtu akiwaza kwenye filamu anaonekana kama amesahau maneno yake. Kuna sura nzima ya ajabu kuhusu kufuli, sura ambayo mimi nimewahi kulia juu yake, na yeye aliniomba niipunguze iwe mtu ameshika kufuli. Nilipigania kila mkato na kila nukta, mpaka akatunga sheria kwa ajili yangu: skripti ikishatiwa saini, hakuna wa kubadilisha neno, si mwandishi, si mwigizaji, si yeye mwenyewe. Iweke akilini sheria hiyo.

Nilivumilia yote kwa sababu nilikuwa na uhakika wa jambo moja, kwamba Mlinzi nitakuwa mimi. Hakuna aliyeniahidi. Nilijiahidi. Nilifuga ndevu. Nilinunua tochi kubwa nikawa natembea nayo sebuleni kwa hatua za mtu wa lindo, na dada yako akawa ananiuliza kama umeme umekatika.

Usaili ulifanyika katika chumba cha kukodi juu ya duka la samani, chumba chenye harufu ya vanishi iliyotuumiza vichwa wote. Walikuja watu wa kila aina: mchekeshaji mmoja mashuhuri anayeweza kutoa machozi akiamriwa, bondia mstaafu, baba mmoja aliyekuwa mlinzi kweli na ambaye alituuliza kwa nini ghala tupu lisifungwe tu watu wakalale. Mimi nilikaa kando ya mwongozaji nikikuna ndevu, nikingoja wote washindwe ili anigeukie. Dada yako alikuwa amekuja kuniletea miwani niliyoisahau nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, hakuwa na haraka, na kwa kuwa alihitajika mtu wa kusoma maneno ya Mkaguzi ili wasailiwa wamjibu, akaombwa, akakubali, akakaa kwenye kiti akisoma kwa sauti ileile anayoitia majina darasani.

Zamu yangu ilifika. Kuna mahali Mkaguzi anamuuliza Mlinzi kwa nini haendi nyumbani, na Mlinzi anamjibu kwa swali: "Nikienda, nani atajua kwamba hapa hakuna kitu?" Nililitoa neno hilo, Shemeji, kwa pumzi yote ya redio. Vioo vya dirisha vilitikisika. Nilipomaliza nikangoja, na mwongozaji akasema kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba sauti ni nzuri sana, ila ananisikia ninavyojisikiliza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikasirika, nikataka kumwonyesha jinsi maneno yale yalivyo magumu kinywani mwa mtu mwingine yeyote, nikasema basi tubadilishane, mimi nisome Mkaguzi na mke wangu asome Mlinzi. Mimi, kwa mdomo wangu. Nikamuuliza dada yako kwa nini haendi nyumbani. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akauliza nikienda, nani atajua kwamba hapa hakuna kitu, kisha akangoja. Unajua anavyongoja. Walimu wa hesabu wote hungoja hivyo, wanakutazama tu mpaka ubongo wako uanze kwenda wenyewe. Chumba kizima kikaanza kutafuta jibu. Bondia alikuna kichwa. Na mimi, niliyeijua sura ile kwa moyo, nilisahau neno linalofuata. Mwongozaji akaitoa njiti mdomoni. Sikuwa nimewahi kumwona bila njiti.

Nilisema, kwa utani ambao haukuwa utani, kwamba bahati mbaya Mlinzi ni mwanamume. Mwongozaji akaniuliza imeandikwa wapi. Nikacheka. Akanisukumia kitabu. Nikakipekua pale pale, nikakipekua nyumbani, nikakipekua wiki nzima nikiwa nimevaa miwani miwili. Shemeji, hakuna. Ni "yeye", ni "alisimama", ni "Mlinzi", ni "mwenzi". Lugha yetu hii ina ukarimu wa ajabu, mtu anaweza kutembea kurasa mia nane ndani yake bila kuulizwa kama ni mume au mke. Neno ambalo lingemfichua ni la ndoa tu, maana mmoja huoa na mwingine huolewa, na hapo nilikimbilia mbio. Mwandishi alikuwa amelikwepa. Ameandika, "Siku tulipooana sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu mahali nitakapokuwa." Tulipooana! Marehemu alijua anachofanya, na hayupo tena wa kuulizwa.

Basi dada yako akapewa Mlinzi. Ulidhani nimemaliza kuumia? Baada ya siku chache mwongozaji akaniita, akasema ana nafasi yangu pia. Moyo ukaruka. Akasema nitakuwa Mwenzi. Yule wa chakula. Yule asiyesema neno kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Sauti yangu imo katika kila nyumba yenye redio, Shemeji, na mimi nikapewa hotpoti.

Sasa nakuja kwenye wivu, na sitauvika nguo. Nilimwonea mke wangu wivu ambao sijawahi kumwonea mtu. Tulipiga picha katika ghala la kweli, lililowahi kuwa la saruji, sakafu bado ina vumbi la kijivu linaloingia puani. Yeye aliwekewa kiti chenye kivuli, mimi nilikalia ndoo. Yeye aliitwa Mwalimu, mimi niliitwa chakula: "Chakula yuko wapi? Chakula asogee kushoto." Alijifunza maneno yake huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi, wala hakuonekana kupata taabu, na hilo liliniuma kuliko yote. Wakati wa mapumziko yeye na mwongozaji walikuwa wakisimama pembeni wakizungumza kwa sauti ya chini. Nikaanza kuyanusa makoti yake kama askari forodhani. Nilikuta harufu ya chaki. Siku moja nilisogea nyuma ya nguzo nisikilize wanayosemezana, na nilichosikia kilinichoma zaidi kuliko mapenzi. Walikuwa wanazungumzia sura ya kufuli. Dada yako alikuwa anamweleza kwamba Mlinzi halichunguzi kufuli kwa sababu ya falsafa, analichunguza kwa sababu ndicho kitu pekee mle ndani kinachomjibu anapokigusa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, yule wa njiti. Sura yangu. Niliyoililia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia maneno hayo, na nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba sikuwahi kumuuliza.

Kisha likaja lile onyesho. Mkaguzi anamuuliza Mlinzi habari za Mwenzi, na Mwenzi mwenyewe amesimama pale pale getini, hotpoti mkononi. Ndani ya hotpoti waliweka mawe ili mkono wangu uvutike kwa uzito, kwa kuwa kamera haioni ndani. Dada yako akavuta pumzi, akanitazama mimi, si Mkaguzi, akasema kwa utulivu mkubwa: "Siku nilipomuoa sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu mahali nitakapokuwa."

Nilipomuoa. Mwanamke yule, mimi nimesimama pale na mawe yangu. Kwenye skripti kulikuwa na kosa la uchapaji, neno moja lilikuwa limeharibika. Ndivyo nilivyowaeleza wote, na kwa sasa ndivyo ninavyokueleza na wewe.

Mtu wa taa ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo. Mwongozaji hakusema kata. Dada yako hakupepesa jicho, alimaliza maneno yake yote, na mimi nikabaki na uso wa mtu aliyevuliwa kofia msikitini. Onyesho lilipokwisha ghala zima lilipasuka. Mwongozaji akasema ni onyesho bora kuliko yote na halirudiwi. Kufika saa ya chai nilikuwa nimepoteza jina la Bwana Povu. Sasa naitwa Bi Harusi. Bi Harusi, sogea kushoto. Bi Harusi, chai yako hii.

Tulipofika nyumbani sikungoja kuvua viatu. Nilitoa povu, Shemeji, povu la debe zima. Nilimwambia amenifedhehesha, kwamba alipaswa kusimama na kuuliza. Alinijibu kwamba skripti haibadilishwi neno, na mimi ndiye niliyesababisha sheria hiyo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema alipolikuta neno lile kwenye skripti, wiki kadhaa nyuma, alicheka peke yake jikoni, akafurahi siku nzima, kwa sababu alidhani nimeliweka kwa ajili yake. Alidhani ndiyo namna yangu ya kusema nimemkubali kuwa Mlinzi, na kwamba kwa mara ya kwanza nimeweza kujitania. Nikamwambia, kwa ubaridi kabisa, kwamba lilikuwa kosa la uchapaji.

Kisha akaniuliza tangu lini nimemwona Mlinzi kuwa mwanamume. Nikasema tangu mwanzo, tangu siku ya kwanza, mtu yeyote mwenye akili angemwona hivyo. Akauliza, hata kule stesheni, kwenye benchi? Nikasema hata kule. Akakaa kitako kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo yeye mwenyewe hukataza watu kukaa. Akaniambia kwamba kule kwenye benchi alikuwa akimsikiliza mwanamke. Mwanamke anayesimama peke yake na kufikiri, anayewajibu wakubwa kwa maswali, na kijana mwenye sauti nzuri anamsoma kwa upendo bila kumwogopa. Alisema amekuwa akijiambia miaka yote kwamba alinikubali kwa sababu hiyo, kwa sababu alidhani nimemwona. Ndipo akauliza swali lake, taratibu, kama yale ya darasani: kama wewe ulikuwa Mlinzi, mimi nilikuwa nani?

Nikamwambia swali gani hilo, nikaenda kuoga. Nilipotoka bafuni alikuwa amekwisha kufunga begi na madaftari yake. Akasema hana hasira, anataka jibu tu. Yaliyobaki unayajua, kwa kuwa wewe ndiye uliyempokea stendi.

Tangu aende nimekisoma kitabu upya. Nilianza kwa ubishi. Nilijilazimisha kumwona Mlinzi kama mwanamke, nikashindwa, kila mara akaota ndevu zangu. Kisha nikafika mahali ambapo Mlinzi anahesabu boriti za paa ili asilale, akikosea anarudi mwanzo, hakubali kukisia. Nikacheka peke yangu, maana huyo ni dada yako kwenye foleni ya benki. Kisha Mlinzi anaficha ufunguo ndani ya kiatu kisichovaliwa, na mimi nikainuka nikaenda kabatini, na ufunguo wetu wa akiba ulikuwa ndani ya kile kiatu chake cheusi, mahali ulipokaa siku zote. Kuanzia hapo sikuweza tena kumwona mtu mwingine. Ilikuwa aibu na ilikuwa raha pia, kama kukutana na mkeo mwenyewe njiani na kumpenda kabla hujamtambua.

Mficha uchi hazai, Shemeji, kwa hiyo ngoja nizae. Jambo la kwanza: halikuwa kosa la uchapaji. Niliandika "nilipomuoa" kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu, jioni moja kabla ya skripti kutiwa saini. Nilidhani mwongozaji ataliona, atashtuka, atasema kumbe Mlinzi ni mwanamume kweli, na nafasi itarudi kwangu. Nililiweka neno lile ili kumng'oa mke wangu. Yeye akalikuta, akalidhania zawadi. Nimeyaandika haya nikitazama ukuta.

Jambo la pili ndilo jibu lake, na msomee polepole. Aliniuliza alikuwa nani. Alikuwa Mwenzi. Nilipokuwa nikimsomea kwenye benchi, nilipokuwa nikisoma kitabu changu kwenye kiti changu miaka yote na yeye akiingia na sahani, akiiweka, akitoka, nilikuwa Mlinzi mwenye mawazo makubwa na yeye alikuwa yule wa chakula getini asiyesema neno. Sikukusudia. Sikuwahi hata kulifikiria, na huo ndio ubaya wake. Zile kurasa za Mwenzi nilikuwa nikiziruka, Shemeji. Msomaji gani mimi! Kitabu kizima nakijua kwa moyo, isipokuwa mahali mke wangu alipokuwa amesimama.

Mwongozaji aliponipa hotpoti nilidhani ananidhalilisha. Lakini mtu ukisimamishwa getini siku nyingi, kinywa kimefungwa, unasikia mengi. Nimesikia jinsi anavyovuta pumzi kabla ya neno gumu. Nimesikia kwamba akiwa na hofu huongea chini zaidi, si juu kama mimi. Na nilipomsikia akisema atakuwa wapi, huku akinitazama mimi, nilitaka kumwambia nimemsikia, na kwa kuwa mimi ni mimi, neno hilo nililigeuza likawa kelele.

Nisikudanganye kwamba wivu umekwisha. Upo. Bado namwonea wivu kwa ule ukimya wake uliomtoa mtu njiti mdomoni. Na yule wa njiti namwonea zaidi, kwa sababu alimtazama mke wangu kwa dakika chache juu ya duka la samani akamwona, na mimi nilikuwa na miaka. Huo sijui kama utakwisha. Ila ndevu nimenyoa.

Jumatatu tunarudi ghalani kupiga onyesho la mwisho. Mlinzi anafungua geti, na kwa mara ya kwanza Mwenzi anaingia ndani kuona anacholinda. Nimeongea na mwongozaji kuhusu neno lile, nikamweleza ukweli wote, akacheka mpaka njiti ikaanguka, akaniuliza kama ninataka lifutwe. Nimemwambia libaki, na nimemwambia libaki na maana ile aliyoipa dada yako siku aliyocheka peke yake jikoni. Wakiniita Bi Harusi naitika.

Kwa hiyo, Shemeji, miaka ile nilileta washenga kwenu mkawapokea vizuri. Safari hii mshenga ni wewe, na unatoka upande wa mwoaji. Mwambie dada yako kwamba nimefikiri na nimekubali kuolewa. Mimi simwahidi kitu. Namwambia tu mahali nitakapokuwa: Jumatatu asubuhi, nje ya geti, na hotpoti mkononi, na ndani yake safari hii hamna mawe. Nimepika mwenyewe kwa majaribio mara mbili na jirani hajafa.

Msalimie mkeo, mwambie asante kwa kumtunza. Mwambie yule mtoto saba mara nane ni hamsini na sita, asije akaibiwa chenji. Goti lako ulipake dawa, usilitie grisi.

Wako katika utani na heshima,

Bwana Povu,
niliyeolewa na dada yako.